Mwacha Asili: Hukumu juu ya Santuri Moja

Wapenzi wa bendi ya muziki hawatofautiani sana na wapenzi wa mshairi. Wakikutana, hawachukui muda mrefu kuzisifu kazi ambazo kila mtu huzisifu, kwa maana jambo hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale mmoja wao anapouliza: na iliyo dhaifu kuliko zote ni ipi? Hapo sauti hupanda, chai hupoa vikombeni, na watu waliokuwa wakikubaliana kwa kila neno hugundua kwamba kumbe hawakuwa wakipenda kitu kimoja.

Tumechagua kulijadili swali hili kwa mfano mmoja, nao ni bendi ya Queen ya Uingereza, iliyopiga muziki wa roki. Bendi hiyo ilitoa santuri 15 zilizorekodiwa studioni, ya kwanza mwaka 1973 na ya mwisho mwaka 1995, miaka minne baada ya kufariki mwimbaji wake. Mwimbaji huyo, Freddie Mercury, si mgeni kabisa kwa wasemaji wa Kiswahili. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India. Wapenzi wengi wa Queen wakiulizwa santuri iliyo dhaifu kuliko zote hutaja moja bila kusita: Hot Space, iliyotolewa mwezi Mei 1982. Sisi nasi tukiulizwa, yamkini tutaitaja hiyo hiyo. Lakini tunalotaka kulichunguza hapa si jibu, bali ni ile hukumu yenyewe. Mtu anapokihukumu kitu akipendacho, anahukumu nini hasa? Ni kazi iliyo mbele yake, au ni uchungu alio nao moyoni?

Kwanza yatupasa kuwajibu watu wa aina mbili wasemao kwamba swali hili halifai hata kuulizwa.

Wa kwanza ni watu wa shukrani. Hao husema: bendi hii imetufurahisha miaka mingi, kuitafutia kasoro ni utovu wa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa vyakula kumi na vinne akashiba, kisha akasimama kukilalamikia cha kumi na tano. Maneno haya yana uzuri wake, lakini hayasimami. Shukrani isiyojua kutofautisha haijui inashukuru nini. A Night at the Opera ya mwaka 1975 ilifanyiwa kazi kwa juhudi iliyowashangaza hata mafundi wa studio. Sauti zilirekodiwa juu ya sauti, safu juu ya safu, hata watu watatu wakasikika kama kundi zima la waimbaji wa kanisani. Kuisifu santuri hiyo kwa sifa zile zile tunazozipa kila kitu kilichobandikwa jina la Queen ni kuwanyang'anya waliotokwa na jasho haki ya jasho lao.

Wa pili ni watu wa ladha. Hao husema kila mtu na lake, hapana haja ya kubishana. Nao twawajibu hivi: ladha ipo, hatuikatai, lakini hakuna anayekesha akibishana na mtu asiyependa bamia. Juu ya Hot Space watu hukesha. Hutoa sababu, hutaja upande huu wa santuri na wimbo ule, humrudisha mwenzao asikilize tena gitaa linapoingia, na mara moja moja mtu hubadili shauri. Mahali ambapo sababu hutolewa na kupokewa, pana jambo lililo zaidi ya ladha.

Basi na tuiendee kesi yenyewe.

Queen walikuwa watu wanne: Mercury aliyeimba na kupiga piano, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma, na John Deacon wa gitaa la besi. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja wao alitunga angalau wimbo mmoja uliopata umaarufu mkubwa. Katika miaka ya 1970 walikuwa na tabia ya kuandika kwenye majalada ya santuri zao kwamba hawakutumia vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti kwa mitambo. Hayo yalikuwa majivuno, na yalikuwa na maana. Walitaka msikilizaji ajue kwamba kila mlio wa ajabu alioudhania wa mashine ulitoka katika gitaa la May, gitaa ambalo May mwenyewe na baba yake walilitengeneza nyumbani kwa mikono yao, ama ulitoka kooni mwa binadamu. Wapenzi waliyasoma maneno yale kwenye jalada kama kiapo.

Mwaka 1980 kiapo kile kiliwekwa kando. Katika santuri ya The Game vinanda vile vilisikika kwa mara ya kwanza, na humo humo mlikuwa na wimbo wa Deacon uitwao Another One Bites the Dust, uliojengwa juu ya besi kavu na mdundo wa dansi wa aina ya Wamarekani weusi. Wimbo huo ulikaa kileleni Marekani kwa majuma matatu. Ulipigwa katika vituo vya redio ambavyo havijawahi kuwapiga Queen, na ukachezwa katika kumbi ambazo shabiki wa kawaida wa roki hakanyagi. Ni jambo la kawaida kwamba mtu aliyefungua mlango akakuta karamu ndani atataka kuingia zaidi. Mwaka 1981 na mwanzoni mwa 1982, wakirekodi Montreux huko Uswisi na mjini Munich, waliingia.

Santuri waliyotoka nayo ina nyimbo 11. Upande wa kwanza karibu wote ni muziki wa kucheza: mashine ya ngoma badala ya Taylor katika sehemu nyingi, besi ya kinanda badala ya vidole vya Deacon katika wimbo wa kwanza, matarumbeta yaliyopangwa na Arif Mardin, na gitaa la May likichungulia tu, kama mtu aliyefika harusini bila kadi. Upande wa pili unarudi nyuma. Mna wimbo wa May wa kulaani bunduki, maombolezo ya Mercury juu ya kifo cha John Lennon aliyeuawa Desemba 1980, wimbo wenye maneno ya Kihispania, na mwisho kabisa Under Pressure, walioimba pamoja na David Bowie na ambao ulikuwa umekwisha kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka uliotangulia. Hot Space ilifika nafasi ya nne Uingereza na ya 22 Marekani. The Game ilikuwa imeshika ya kwanza katika nchi zote mbili. Ziara ya Marekani iliyofuata, mwaka huo wa 1982, ilikuwa ya mwisho kwa Mercury katika nchi ile.

Sasa sikilizeni mashtaka. Tukiyachambua tunaona kwamba ni mawili, lakini aghalabu yanasomwa kwa pumzi moja kana kwamba ni moja. La kwanza lasema santuri hii ni mbovu. La pili lasema santuri hii ni usaliti. Mwenye kusema la kwanza anazungumzia nyimbo. Mwenye kusema la pili anazungumzia ahadi. Na kwa uzoefu wetu, hasira yote hutoka katika hilo la pili, kisha huazimwa kulipa nguvu la kwanza.

Ushahidi upo karibu. Mwezi Desemba 1980, baina ya The Game na Hot Space, Queen walitoa santuri ya muziki wa filamu iitwayo Flash Gordon. Santuri hiyo karibu yote ni milio bila maneno, imechanganywa na mazungumzo ya filamu, na nyimbo zilizo kamili ni mbili tu. Kwa kipimo chochote cha utunzi wa nyimbo, mzigo wake ni mwepesi kuliko wa Hot Space. Lakini nani amewahi kuikasirikia? Watu husema “ile ya filamu” na kupita. Haikuahidi kitu, kwa hiyo haikuvunja kitu. Hivyo cheo cha “dhaifu kuliko zote” hakipewi kazi yenye uzito mdogo kuliko zote. Hupewa ile iliyotuumiza.

Sisi Waswahili tunayo methali iliyo tayari kwa shtaka la pili: mwacha asili ni mtumwa. Mashabiki wa mwaka 1982 hawakuijua methali hiyo, lakini maana yake ndiyo waliyoisema. Hawa walikuwa watu wa roki. Sasa wamekwenda kutumikia ukumbi wa disko.

Lakini asili ni nini, na ni ya nani? Hapa yafaa twende polepole, maana hapa ndipo lilipo jambo zito zaidi kuliko santuri.

Muziki wa roki haukuzaliwa Uingereza. Vijana wa Kiingereza wa miaka ya 1960 waliupata kwa kusikiliza santuri za Wamarekani weusi, za kina Muddy Waters, Chuck Berry na Little Richard, na waliwaiga bila kuficha. Mercury mwenyewe alimstahi Jimi Hendrix kuliko mpiga gitaa yeyote. Basi Queen walipouendea mdundo wa dansi wa Wamarekani weusi mwaka 1981, walikuwa wanaiacha asili, au walikuwa wanabisha hodi katika chumba kingine cha nyumba ile ile walimokopa kila kitu? Anayesema kwamba gitaa zito ni la kwetu na besi ya dansi ni ya wageni amesahau aliyemfundisha gitaa.

Usahaulifu huo haukuwa wa bahati mbaya kila mara. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, baina ya michezo miwili ya besiboli, mtangazaji mmoja wa redio alilipua kwa baruti sanduku kubwa la santuri za disko mbele ya umati wa maelfu. Watu walivamia uwanja, nyasi zikaungua, na mchezo wa pili haukuchezwa. Mmoja wa vijana weusi waliofanya kazi uwanjani siku ile alieleza baadaye kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu za waimbaji weusi. Maelezo hayo yanatosha kumfanya mtu mwaminifu asite. Muziki wa disko ulilelewa katika kumbi za watu weusi, za Walatino, na za wanaume wapendanao na wanaume, na si kila aliyepiga kelele kwamba ni muziki mbovu alikuwa akizungumzia muziki.

Hatusemi kwamba kila asiyeipenda Hot Space ana chuki ya namna hiyo. Hilo lingekuwa kumhukumu mtu bila kumsikiliza, na sisi wenyewe hatuipendi sana. Tunasema kwamba hukumu ya uzuri ni vazi pana. Chini yake yaweza kujificha vitu ambavyo mvaaji hajavikagua. Anayetamka neno “usaliti” yampasa avue vazi hilo faraghani na kujitazama.

Kisha mtazameni mshtakiwa mwenyewe. Ni mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja, akasomeshwa katika shule ya bweni huko India tangu akiwa na umri mdogo, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, akajichagulia jina jipya, akatunga wimbo wa dakika karibu sita unaochanganya opera na roki na ambao ndani yake mna neno moja la Kiarabu ambalo wengi wetu hulitamka kabla ya kula. Mtu kama huyu akiambiwa asiache asili, atauliza kwa haki: ipi? Kazi yake yote ilikuwa kuhama. Waliomshangilia alipohamia opera mwaka 1975 walikuwa na sababu gani ya kumzuia asihamie dansi mwaka 1982, isipokuwa kwamba safari ya kwanza iliwafurahisha na ya pili haikuwafurahisha?

Mtu aweza kutujibu hivi: sawa, hakuna asili, lakini ahadi ipo. Jina la bendi kwenye jalada ni namna ya ahadi, na mnunuzi hutoa fedha yake kwa kuliamini. Jibu hili ni zuri, na twalipokea nusu. Mtu akimpelekea fundi kitambaa cha kanzu, naye fundi akashona suruali, lawama ni ya haki hata kama suruali yenyewe imeshonwa vizuri. Lakini mpenzi wa muziki hakumpelekea mtu kitambaa. Hakuna aliyewaagiza Queen kushona chochote mwaka 1973, wala 1975. Walichokuwa wameahidi, kama waliahidi kitu, hakikuwa aina fulani ya muziki. Kiapo cha kwenye jalada kilihusu jambo jingine: kwamba kila unachokisikia kimetoka katika mikono na makoo yetu, na kwamba hatukuficha uvivu nyuma ya mtambo. Iliahidiwa juhudi na ukweli. Basi swali la haki la kuiuliza Hot Space ni hili: je, walijitahidi, na je, walikuwa wakweli?

Hapo ndipo santuri hii inapopata taabu, na taabu hiyo si ile inayosemwa siku zote.

Isikilizeni kwa makini. Ubaya wake hauko katika dansi. Wimbo wa kwanza, Staying Power, ni mzuri kwa kazi yake. Back Chat wa Deacon unasimama imara. Cool Cat, ambao Mercury aliuimba karibu wote kwa sauti ya juu na nyembamba, una utulivu ambao bendi hii haikuwa nao popote pengine. Ubaya uko katika nusu-nusu. Baadhi ya wanamuziki walitaka kwenda na baadhi walivutwa. May na Taylor wameeleza zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata kwamba hawakuridhika na njia ile. Na kutoridhika huko kunasikika. Katika wimbo wa May uitwao Dancer gitaa zito linaburuzwa juu ya mdundo wa dansi bila hata kimoja kumkubali mwenzake, na mwisho si roki wala si dansi. Body Language una mdundo lakini hauna wimbo. Upande wa pili wa santuri haufahamu upande wa kwanza ulisema nini. Ni kama mtu aliyekubali kuhama nyumba, akahamisha viti na kuacha kitanda.

Hivyo sisi twaikubali hukumu na kuikataa sababu yake. Santuri hii ni dhaifu, si kwa kuwa Queen walikwenda mbali mno, bali kwa kuwa wanne hao hawakwenda pamoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kosa la Hot Space ni la watu waliojaribu jambo jipya na mioyo yao haikukubaliana. Kosa la namna hiyo lina heshima yake. Wapo wanamuziki wengi ambao hawajawahi kutoa santuri dhaifu kwa sababu tangu ya pili wamekuwa wakitoa ile ile ya kwanza. Hao hawamkasirishi mtu, wala hakuna anayebishana usiku kucha juu yao.

Mercury mwenyewe alikuwa na jibu lake. Tarehe 5 Juni 1982, majuma mawili tu baada ya santuri kutoka, alisimama mbele ya umati katika uwanja wa Milton Keynes, nje ya London, na kabla ya kuimba nyimbo mpya aliwaambia wasikilizaji kwamba bendi haijapoteza moyo wake wa roki, na kwamba watu hujisumbua mno juu ya mambo kama haya. Hii ni santuri tu. Maneno hayo yalirekodiwa na kuuzwa baadaye, kwa hiyo yeyote aweza kuyasikia, na aweza kusikia pia kwamba aliyasema kwa hasira kidogo.

Ni jibu la mtu aliyechoka kushitakiwa, na twaweza kumwelewa. Lakini hatuwezi kulikubali. Ikiwa Hot Space ni santuri tu, basi A Night at the Opera nayo ni santuri tu, na zile saa zisizo na hesabu za kupanga sauti juu ya sauti zilikuwa ni mchezo. Msanii hawezi kuchukua sifa kwa uzito wa kazi moja na kukimbilia wepesi katika nyingine. Na hakuamini maneno yake mwenyewe, maana jioni ile ile waliupiga Staying Power kwa gitaa zito la May, wakauongezea mwendo, na wimbo ukawa na nguvu kuliko ulivyo kwenye santuri. Mtu asemaye “ni santuri tu” haitengenezi upya mbele ya watu.

Ndugu walimu watatuuliza mambo haya yanatuhusu nini sisi. Tunadhani yanatuhusu kwa karibu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, baadhi ya washairi wa kimapokeo walikataa hata kuyaita mashairi. Hapo pia mashtaka mawili yalisomwa kwa pumzi moja: kwamba mashairi haya ni mabaya, na kwamba haya si yetu. Wengi waliosema la pili hawakupata nafasi ya kulichunguza la kwanza, na kwa hiyo kwa muda mrefu hatukupata mhakiki wa kutueleza kwa utulivu ni yapi katika Kichomi yaliyo imara na yapi yaliyo legelege, jambo ambalo mwanafunzi alilihitaji zaidi kuliko ule ugomvi. Nasi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za jirani, ambako kwa wengi ni lugha ya darasani kabla ya kuwa lugha ya nyumbani, tumezoea kusikia Kiswahili chetu kikihukumiwa vivyo hivyo. Mara husemwa sentensi fulani ni mbovu, na kweli ni mbovu, twakubali na kuisahihisha. Mara nyingine husemwa ni mbovu, kumbe maana yake ni kwamba haikutoka pwani.

Na kalamu nyekundu tunayo sisi. Yupo mwanafunzi ambaye kwa mihula mitatu amekuletea insha safi, zenye methali mahali pake na aya zilizopangwa, ukazisoma mbele ya darasa. Muhula wa nne anakuletea kitu kingine: mazungumzo matupu ya watu wawili sokoni, hakuna utangulizi, hakuna methali, na katikati yamelegea. Mkono wako unaandika alama ya chini haraka kuliko ambavyo ungeiandika kwenye daftari la mwanafunzi mwingine. Haraka hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Yamkini alama yenyewe ni ya haki, lakini yafaa kuisoma kazi mara ya pili, mara hii ukiwa umelifunika jina kwa kiganja, ili ujue kama unapima mazungumzo yale au unalipiza zile insha ambazo hukuletewa.

Turudi kwenye santuri yetu, kwa kuwa limebaki jambo moja ambalo wenye kuihukumu hawapendi kulitaja. Wimbo wa mwisho katika Hot Space, Under Pressure, haukupangwa na mtu. Bowie alikuwa Montreux mwaka 1981, akapita studioni kwa Queen, wakaanza kupiga na kubishana usiku, na wakatoka na wimbo ambao kwa maoni yetu ndio bora kabisa ambao bendi hiyo iliutoa katika miaka ya 1980. Waweza kusema kwamba si wa santuri ile, kwamba ulikuwa umekwisha kutoka na ukabandikwa mwishoni tu kuinusuru. Husemwa hivyo sana. Lakini besi iliyo kavu, mdundo ulioachwa wazi, gitaa lililokubali kungoja zamu yake, vyote hivyo ni vitu ambavyo santuri nzima ilikuwa ikivitafuta na kuvikosa. Katika wimbo ule mmoja walivipata.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid lililofanywa Wembley kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, Queen walipewa dakika ishirini hivi mbele ya watu wapatao 72,000. Hawakuimba hata wimbo mmoja wa Hot Space. Bowie alikuwapo siku hiyo hiyo, na alipanda jukwaa lile lile muda mfupi baada yao kushuka, lakini yeye na Mercury hawakuuimba Under Pressure pamoja mbele ya watu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Tamasha la kumkumbuka lilifanywa Wembley tarehe 20 Aprili 1992, na hapo Bowie aliuimba wimbo huo na Annie Lennox, May, Taylor na Deacon wakipiga nyuma yao.